Kamera ya fulifremu kwa studio ya Nambis: milioni nne zigawanywe vipi?

KWA wiki kadhaa ukurasa huu umekuwa ukishughulika na vitunguu saumu, maharage na ng'ombe wa mnadani, bidhaa ambazo wafanyabiashara wa Mbulu na Hanang wanazijua kuliko mwandishi. Wiki hii tunaziweka pembeni kwa sababu ya swali lililoletwa na msomaji wetu mmoja wa Nambis, wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Dada huyo ameuza vitunguu saumu vya msimu na anataka kuziondoa fedha hizo shambani na kuziingiza katika studio ya picha. Mtaji wake ni shilingi milioni 4. Milioni 3 anazo mkononi. Milioni 1 bado iko kwa mnunuzi aliyechukua mzigo kwa ahadi.

"Shikamoo mzee. Nataka kamera ya fulifremu, lakini sitaki mwakani nikakope mbegu," ndivyo alivyoanza.

Sentensi hiyo ya pili ndiyo iliyotufanya tulichukue swali lake kwa uzito. Anayenunua kamera kwa kupenda huumia moyo tu akikosea. Anayenunua kwa fedha za vitunguu akikosea, shamba linalala.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Mfanyabiashara wa Tanzania akisikia neno fremu hufikiria kodi ya pango, na akisikia tena hufikiria mbao na kioo cha kutundikia picha ukutani. Fremu inayozungumzwa hapa ni nyingine kabisa. Kamera ya fulifremu ni ile ambayo sensa yake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga mahali pa filamu, ina ukubwa sawa na filamu ya zamani ya milimita 35, ambao ni milimita 36 kwa 24. Ukubwa huo ulienea duniani baada ya kamera ya Leica kuingia sokoni mwaka 1925. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ndogo zaidi. Zile za Canon zina sensa ya karibu milimita 22.3 kwa 14.9. Piga hesabu ya eneo utaona fulifremu inazidi mara 2.6.

Zamani tofauti hiyo ililipiwa fedha nyingi mno. Canon ilipotoa EOS-1Ds mwaka 2002, bei yake ilikuwa dola 7,999. Mwaka 2005 ikaja EOS 5D kwa dola 3,299. Mwaka 2012 EOS 6D na Nikon D600 zilitangazwa kwa dola 2,099 kila moja bila lenzi, na mwaka 2019 Canon ikashuka hadi dola 1,299 kwa EOS RP. Kwa hesabu za makala hii tutachukua dola 1 kuwa shilingi 2,500. Hicho ni kiwango cha kuhesabia tu, na msomaji aangalie cha benki siku anayonunua. Kwa kiwango hicho, RP mpya kwa bei yake ya kutangazwa ni shilingi 3,247,500 kabla ya lenzi, usafiri na kodi. Mtaji wote wa Nambis ungeishia kwenye kasha moja la kadibodi.

Habari njema kwa mnunuzi, na mbaya kwa muuzaji, ni kwamba mwili wa kamera huporomoka bei kama simu. Katika masoko ya ng'ambo, 5D Mark II ya mwaka 2008, 6D na D600 zilizotumika zimeshazoeleka kupatikana chini ya dola 500. Lenzi nzuri haziporomoki hivyo. Lenzi ya Canon ya milimita 85 yenye tundu la f/1.8 ilitoka mwaka 1992 na hadi leo inafanya kazi na ina mnunuzi. Anayetafuta kitega uchumi na alione hilo kabla hajaulizia megapikseli.

Adui ni simu

Swali ambalo mtu hujiuliza dukani ni kamera ipi nzuri. Swali la kibiashara ni lingine: mteja wa Nambis atalipia kitu gani ambacho simu yake mfukoni haimpi? Simu za siku hizi hupiga picha safi mchana. Bibi harusi ana dada wawili wenye simu, na wote watapiga. Wakimaliza hapo, hakuna atakayetoa shilingi kwa ajili ya megapikseli za mtu mwingine.

Kinacholipiwa ni mwanga uliopangwa na picha iliyosafishwa kwenye karatasi. Taa moja kubwa iliyowekwa kando ya uso, mwavuli mweupe unaoilainisha, ukuta mweupe upande wa pili unaorudisha mwanga kidogo, na ngozi nyeusi ikaonekana ina umbo na mng'ao badala ya kuwa doa lisilo na macho. Mikono ya mzee ikaonekana mishipa. Shela nyeupe ikabaki na mikunjo yake ingawa imesimama pembeni ya suti nyeusi. Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilianza wakati ambapo hakuna aliyeota sensa, na watu walikuwa wakienda kukaa mbele ya taa.

Hapa ndipo wauzaji wengi wa kamera hunyamaza. Ndani ya studio, picha ikipigwa kwa flashi, kwa ISO 100 na tundu la f/8, faida kubwa mbili za fulifremu hupungua sana. Ya kwanza ni kuona gizani, na ndani ya studio hakuna giza, flashi imeliondoa. Ya pili ni kufifisha kilicho nyuma ya mtu, na nyuma ya mtu kuna pazia tupu. Hata ukubwa wa picha si hoja. Ile 5D ya mwaka 2005 yenye megapikseli 12.8 hutoa nukta 4,368 kwa 2,912, ambazo zikichapwa nukta 300 kwa inchi hufika karibu sentimita 37 kwa 25. Karatasi ya A4 inaenea na kubaki. 5D Mark II yenye megapikseli 21.1 inaenea A3. Picha ngapi za A3 zitaagizwa Nambis kwa mwaka? Tunamwachia msomaji akadirie.

Je, basi fulifremu haina maana? Ina maana, lakini nje ya studio. Studio ya kijijini haiishi kwa picha za ndani peke yake. Kuna ndoa kanisani ambako padri au mchungaji hataki flashi imulike altare, kuna komunio ya kwanza na kipaimara, kuna mahafali ya kidato cha nne kabla ya mitihani ya Novemba, kuna Desemba ambapo watoto wa Mbulu walioko Arusha na Dar es Salaam hurudi nyumbani na familia nzima hutaka picha moja kabla hawajatawanyika. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo, siku ya ukungu, sensa yenye eneo mara 2.6 ni mkate wa mpigapicha. Kwa hiyo hoja yetu ni hii: fulifremu inunuliwe, lakini kuukuu, na mwili wake usizidi theluthi moja ya mtaji. Kwa milioni 4, dari ni shilingi 1,250,000, yaani zile dola 500. Asiyeipata kwa dari hilo achukue ya sensa ndogo kwanza na wala asione haya, kwa kuwa taa zake zitamfaa hata atakapobadili mwili.

Chukua futi kamba kabla ya pochi

Tulimuuliza dada yetu chumba chake kina urefu gani. Hakujua. Tukamwomba akapime kabla ya neno lingine lolote, akarudi na jibu: mita 5 kasorobo kwa mita 3 na nusu.

Sababu ni kwamba lenzi na chumba huamuana. Ukitaka kumpiga mtu mzima amesimama, tuseme picha ichukue urefu wa mita 2 ili kichwa na miguu vipate nafasi, lenzi ya milimita 85 kwenye fulifremu inakutaka usimame karibu mita 4.7 kutoka kwake. Ongeza mita 1 kati yake na pazia ili kivuli kisimwangukie nyuma, na nusu mita ya mgongo wako mwenyewe, unazidi mita 6. Chumba cha Nambis hakitoshi. Lenzi ya milimita 50 inataka karibu mita 2.8. Pamoja na nyongeza hizo ni mita 4.3, na hapo chumba kinatosha kwa kubanana kidogo.

Kwa picha ya kichwa na mabega, yenye urefu wa sentimita 70 hivi, ile ya milimita 85 inataka mita 1.65 tu. Hapo ndipo inapong'ara, kwa sababu umbali huo unaacha pua na masikio katika uwiano wake. Anayesogea hadi nusu mita na lenzi pana humtengenezea mteja pua ambayo mama yake hakumzaa nayo, na mteja huyo harudi.

Lenzi zilezile zikivishwa kamera ya sensa ndogo ya Canon hufanya kazi kama zimerefushwa mara 1.6. Milimita 50 inataka mita 4.5 kwa mtu aliyesimama badala ya 2.8. Wapo wanaosema hiyo ndiyo sababu ya kuikimbia sensa ndogo. Si kweli kabisa. Lenzi ya milimita 35, au hata ile ya 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera hizo, inamaliza tatizo, na sura hutoka ileile kwa sababu umbali ndio unaoamua sura. Ila lenzi za zamani za milimita 50 na 85, ambazo ni nyingi na zina bei ya kueleweka, zilitengenezwa kwa ajili ya fulifremu, na huko ndiko zinakokaa vizuri.

Mambo mawili ya kuangalia wakati wa kuoanisha. Lenzi za Canon zenye alama ya EF-S hazivai kwenye 5D wala 6D, tafuta EF. Za Nikon zenye alama ya DX zinavaa kwenye D600, lakini kamera hujikata yenyewe na kubaki na megapikseli 10 badala ya 24. Muuzaji anayekubandikia lenzi kama zawadi huenda anajua jambo hilo vizuri.

Kamera zenyewe

Tuanze na 5D ya kwanza, ya mwaka 2005. Picha zake bado zinapendeza, lakini hakuna video na betri zake ni za aina ya zamani. Kioo chake cha ndani kilijulikana kwa kubanduka, Canon ikakiri na kukitengeneza bure kwa miaka kadhaa. Leo mnunuzi asitegemee huduma hiyo. Ni ya mtu mwenye milioni 2, si 4.

5D Mark II ina nguvu kwa studio: megapikseli 21.1, shata iliyokadiriwa kufikia mapigo 150,000, mwili mgumu. Udhaifu wake uko kwenye kiza. Ukipiga suti nyeusi ikatoka nyeusi mno kisha ukajaribu kuinyanyua kwenye kompyuta, mistari hujitokeza kama kitambaa kilichofumwa vibaya. Anayeweka taa sawasawa hatakutana nayo mara kwa mara. Inatumia kadi za CF, ambazo kompyuta nyingi za mapajani hazina tundu lake, hivyo ongeza kisomeo.

6D ndiyo tuliyoipa uzito zaidi kwa mazingira ya Nambis, na sababu si ubora wa picha peke yake. Ina megapikseli 20.2 na inatumia kadi za SD zinazopatikana hata kwenye maduka ya simu. Betri yake, LP-E6, ni ileile ya 5D Mark II, na kwa kipimo cha viwandani hufikisha picha 1,090 kwa chaji moja. Umeme ukikatika asubuhi ya ndoa, namba hiyo ni kubwa kuliko megapikseli zote. Aidha, matoleo mengi yake yana Wi-Fi ndani, hivyo picha inaweza kuhamia kwenye simu na kumfikia mteja kwa WhatsApp kabla hajavua shela. Wateja wa leo hulipia haraka hiyo. Ubaya wake: ina vituo 11 tu vya kulengea, na ni kile cha katikati peke yake kinachotegemewa gizani. Pia ina nafasi ya kadi moja. Kadi ikifa na harusi ya mtu imo ndani, hakuna maelezo yatakayopokelewa na wakwe.

Nikon D600 ina hadithi ambayo mfanyabiashara yeyote wa mitumba ataipenda. Ilitoka Septemba 2012 ikiwa na megapikseli 24.3, nafasi mbili za kadi za SD na sensa inayovumilia kiza kuliko 5D Mark II. Muda si mrefu wanunuzi wakaanza kuona madoa kwenye picha, hasa upande wa juu kushoto: vumbi na mafuta kutoka kwenye shata. Mwaka 2013 Nikon ikatoa ushauri wa kusafisha, na mwezi Oktoba mwaka huohuo ikatoa D610, kamera inayofanana nayo karibu kwa kila kitu. Februari 2014 ikatangaza kuzikagua D600 bure na kubadilisha shata, hata zilizokwisha dhamana. Jina likawa limeshaharibika. Hadi sasa D600 huuzwa chini ya D610, na ile iliyobadilishwa shata ni kamera nzuri iliyovaa sifa mbaya. Ukipata ushahidi wa karatasi kwamba ilibadilishwa, nunua. Ukikosa ushahidi, usilipie matumaini. D600 na D610 zina pia kijiflashi cha juu ambacho kikipunguzwa nguvu huwasha flashi nyingine zenye jicho la kupokea, jambo linaloahirisha gharama ya triga.

Nikon D700 ya mwaka 2008 ni mashine ya chuma yenye megapikseli 12.1. Atakayeipata rahisi na haijachakaa asiipuuze.

Sony A7 ya mwaka 2013 ni nyepesi na sensa yake ni nzuri. Hata hivyo kipimo cha betri yake ni picha 340 kwa chaji. EOS RP ni 250, Nikon Z5 ya mwaka 2020 ni 470. Kamera hizi zisizo na kioo cha ndani zina raha yake, hasa RP inayotafuta jicho la mtu yenyewe, lakini kwa mji ambao umeme hukatika hesabu betri tatu badala ya mbili. Na jambo moja linalowatisha wanaozianza: ndani ya studio skrini huwa nyeusi tii, kwa sababu kamera inakuonyesha picha itakavyokuwa bila flashi. Haijaharibika. Zima mpangilio wa kuigiza mwanga, utaona.

Kati ya zote hizo, chagua 6D au D610, na kura ya mwisho ipigwe na jirani. Kama mpigapicha wa Mbulu mjini au Dongobesh ambaye mnaelewana ana lenzi na betri za Canon, chukua Canon. Kuazima lenzi kwa Jumamosi moja ni mtaji usioandikwa kwenye daftari.

Kamera ya mkononi hukaguliwaje

Mwandishi naye alishawahi kununua lenzi ya milimita 85 kwenye duka moja ambalo halitatajwa, jioni, kwa haraka ya kuwahi basi. Kioo cha mbele kiling'aa. Kufika nyumbani na kumulika kwa tochi, ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui: kuvu. Lenzi ilikuwa imekaa miaka kwenye unyevu wa pwani. Fedha haikurudi. Tangu siku hiyo tochi ndogo hukaa mfukoni, na tunamshauri kila mnunuzi amulike lenzi kutoka nyuma kabla hajafungua mazungumzo ya bei.

Kwa mwili, funga tundu hadi f/16, piga ukuta mweupe au mbingu, kisha ikuze picha. Vumbi na mafuta vitajionyesha vyenyewe. Vumbi linasafishika, mikwaruzo kwenye sensa haisafishiki. Piga picha kwa kasi ya 1/4000 na nyingine kwa sekunde moja, usikilize kama shata inakohoa. Vaa flashi na upige kwa kasi ya kupatana nayo, ambayo kwa 6D ni 1/180 na kwa D600 na 5D Mark II ni 1/200. Ukizidisha hapo utaona bendi nyeusi kwenye picha, na hilo si kosa la kamera bali lako.

Uliza imepigwa mara ngapi. Faili ya Nikon hubeba idadi ya mapigo ndani yake na programu za bure huisoma. Kwa 5D Mark II na 6D unahitaji kompyuta na programu maalumu. Hesabu hii ni ya kifedha. Shata ya 6D imekadiriwa mapigo 100,000. Ukiinunua kwa shilingi 1,250,000 ikiwa imeshapiga 50,000, unanunua mapigo 50,000 yaliyobaki, yaani shilingi 25 kwa kila pigo. Mteja mmoja akipigwa mara 20 ndipo ipatikane picha anayoipenda, kamera imekula shilingi 500. Fedha hiyo iwekwe kando kila mteja anapotoka. Wengi hawaiweki, na shata ikifa husema biashara ya picha haina faida.

Kuhusu mipaka. Kamera kutoka Nairobi inayovushwa Namanga kimyakimya huonekana rahisi hadi siku inapokamatwa. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18, na juu yake kuna ushuru wa forodha. Uliza wakala kabla ya kulipa, si baada. Ukinunua Kariakoo au Arusha dai risiti ya EFD yenye namba ya mashine ya kamera. Kamera za wizi zipo, na risiti ndiyo itakayokutoa kituoni.

Milioni nne, au tatu

Tulimpangia dada yetu hivi, na hizi ni dari za bei, wala si bei za sokoni. Mwili 1,250,000. Lenzi ya milimita 85 iliyotumika, 550,000, na ya milimita 50, 200,000. Flashi mbili za kuwekwa kwa mkono, triga, stendi na miavuli, 500,000. Printa ya picha 700,000. Betri za akiba, kadi mbili na kisomeo, 200,000. Pazia la kijivu na jeupe, 100,000. Jumla 3,500,000, na 500,000 inabaki bila kuguswa kwa ajili ya wino, karatasi na kodi ya miezi ya mwanzo, kwa maana siku za Kwaresima wanaofunga ndoa ni wachache.

Tuseme kila picha inayosafishwa inamwachia shilingi 2,000 baada ya wino na karatasi. Mwili wa kamera utarudi baada ya picha 625. Kwa RP mpya, kwa bei ile ya kutangazwa, ni zaidi ya 1,620, na bado hajawasha taa hata moja.

Aliisoma karatasi hiyo mara mbili. Kisha akauliza swali ambalo sisi tulikuwa hatujaliuliza. "Na ile milioni ya mnunuzi isipokuja, nitoe nini humo?"

Jibu la wengi lingekuwa printa. Tunasema hapana, kwa sababu bila printa anabaki kuwa mtu mwenye simu kubwa. Akiwa na milioni 3 pekee, mwili wa fulifremu ndio unaotoka. Achukue kamera ya sensa ndogo, kwa mfano Canon EOS 600D ya mwaka 2011 yenye megapikseli 18, kwa dari la 600,000. Aache lenzi ya milimita 85, kwa kuwa ile ya 50 itafanya kazi yake kwa picha za mabega, na lenzi ya 18 hadi 55 itamfaa kwa mtu aliyesimama. Mwili na lenzi ya 85 pamoja zinapunguza 1,200,000. Taa, printa, pazia na akiba ya laki tano vinabaki palepale, na jumla inashuka hadi 2,800,000. Laki mbili zinazosalia ziende kwenye lenzi hiyo ya 18 hadi 55 na nauli ya Arusha. Ndoa za kanisani za mwaka wa kwanza atazipiga karibu na dirisha, na zitakuwa na chembechembe kidogo. Za studio hazitatofautishwa na mteja yeyote.

Hadi tunakwenda mitamboni alikuwa hajanunua. Chumba kimeshapakwa rangi nyeupe ukuta mmoja, pazia limeshonwa na fundi wa hapohapo Nambis, na mnunuzi wa vitunguu ameahidi kulipa baada ya mnada ujao. Wiki ijayo tunarudi kwenye bei za maharage.